Nukta ya Tatu

Walimu wenzangu, wazazi, maofisa elimu mliotoka halmashauri, shikamooni wakubwa, hamjambo vijana.

Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ile inayosema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, mnayo kwenye makabrasha. Sitaisoma. Nimepewa dakika ishirini na nataka kuzitumia kwa mashine ya Perkins, ile ya kuandikia breli, maandishi ya nukta ya wasioona. Walionisikia mwaka juzi watasema, mama huyu na Perkins tena. Ndiyo, tena, kwa sababu mwezi uliopita nimeingia stoo ya shule nikazikuta zimerundikana chini ya magodoro.

Nilipokuwa nafundisha kitengo cha wasioona tulikuwa na mashine sita. Mbili zilikuwa nzima, tatu zilikufa, na moja ilikuwa inaandika, ila inaandika uongo. Hiyo ndiyo aliyopewa binti mmoja wa darasa la nne. Siku ya imla nikatamka "lala". Akabonyeza. Nikatamka "taa". Akabonyeza. Nilipokusanya karatasi nikasoma "baba", nikasoma "jaa". Nikampa sifuri. Wiki ya pili, sifuri. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hasikilizi. Wiki ya tatu akapitisha vidole kwenye karatasi yake, akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, mimi nimeandika lala. Mashine ndiyo inaandika baba." Kumbe alijua tangu siku ya kwanza, akaogopa kusema.

Wanaojua breli wameshaelewa. Kwa wengine: mashine ina vitufe sita, kila kimoja na nukta yake, na nukta ya tatu hubonyezwa na kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Herufi l ni nukta ya 1, 2 na 3. Iondoe ya tatu, inabaki b. Herufi t ni 2, 3, 4 na 5. Bila ya tatu unapata j. K inakuwa a, m inakuwa c, o inakuwa e. Mtoto anayeandika "kaka" kwenye mashine ile anapata a nne mfululizo. Kijiti cha nukta ya tatu kilikuwa kimekwama kwa vumbi na mafuta yaliyoganda. Basi! Fundi alipopatikana, muhula ukiwa umekwisha, aliifungua, akasafisha, akatia mafuta, akaifunga, na chai niliyomwekea ilikuwa bado ya moto.

Muhula mzima wa mtoto. Na zile sifuri nilizitoa mimi, kwa kalamu yangu.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: mwalimu, siku hizi simu inasoma yenyewe, breli ya nini? Nimechoka kulisikia hilo, lakini nitalijibu. Simu inayosoma ni kitu kizuri, na mwanafunzi wa sekondari apewe. Ila kusikiliza si kusoma. Mtoto aliyelelewa na sauti peke yake muulize "ng'ombe" inaandikwaje, muulize tofauti ya "ghali" na "gari" kwenye maandishi. Atayajulia wapi? Mpe hesabu ya kugawanya kwa njia ndefu aifanye kwa kusikiliza, tuone. Louis Braille alikuwa na miaka 15 alipoitengeneza breli mwaka 1824, naye akiwa kipofu tangu utotoni. Alijua kidole kinataka nini. Na Perkins, inayotengenezwa tangu 1951, haiombi umeme wala bando. Nukta zinatokea juu ya karatasi, mtoto anasoma papo hapo alichoandika. Akitumia bao na kalamu ya kutobolea nukta kwa mkono, anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anaigeuza karatasi ndipo asome. Binti yule alikuwa na Perkins, ndiyo maana aliweza kunisahihisha.

Mwingine anasema mashine ni ghali. Ni ghali kweli! Kwa hiyo mnanunua kitu ghali, mnapiga picha ya makabidhiano, halafu hamtengi hata senti ya kukifungua na kukisafisha? Gari la halmashauri linafanyiwa matengenezo. Naomba fungu la matengenezo liandikwe kwenye bajeti ya kila shule yenye kitengo, na kila mkoa uwe na fundi mmoja aliyesomea kazi hii. Na walimu wanaosoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, wafundishwe kuifungua mashine, si kuichapia tu.

Naona naonyeshwa saa. Shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia mtoto kusikia, haraka: betri zake huisha kwa wiki moja au mbili, na kile kiziba kinachoingia sikioni hupimwa upya kadiri sikio la mtoto linavyokua. Ukigawa bila betri hujagawa kitu. Watoto wenye ualbino: wengi wana uoni hafifu, na bado tunawasomesha breli, nao wanaisoma kwa macho wameinamia karatasi. Wapeni lenzi, maandishi makubwa na kiti cha mbele mbali na dirisha lenye jua. Viti mwendo nilivipangia dakika tano, sina tena. Mtoto apimwe kwanza, hilo tu.

Fundi amekaa pale karibu na mlango, ana meza na vifaa vyake. Asubuhi nimeona mashine nne zikishushwa kwenye basi. Tuanze na zile ambazo watoto wake ni wa darasa la saba, wana mtihani.