Jinsi ya Kupanga Darasa la Chekechea Linalomfaa Mtoto Kujifunza kwa Mikono Yake

Karibuni sana. Leo tuko kwenye darasa tupu. Hapa nyuma yangu mnaona rafu, meza ndogo na maboksi ya vifaa ambayo hayajafunguliwa. Tutalipanga pamoja mpaka liwe tayari kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Lakini kabla sijagusa boksi hata moja, naomba tupige magoti.

Ndiyo, magoti hasa. Nashusha na kamera. Tazameni chumba kinavyoonekana ukiwa hapa chini. Zile picha ukutani zimebandikwa kwa ajili ya macho yetu sisi wakubwa. Ndoano ya kutundikia mkoba iko mbali, mtoto haifikii mpaka aite mtu. Kila anapoita, kazi aliyokuwa nayo inakatika, na wewe mwalimu unashinda ukishusha na kupandisha vitu. Kwa hiyo kwa kila tutakachoweka leo nitauliza swali moja tu: mtoto ataweza kukichukua, kukitumia na kukirudisha mwenyewe?

Daktari Maria Montessori, Mwitaliano aliyeanzisha njia hii ya kufundisha tunayoifuata leo, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani shule yake, mjini Roma, tarehe 6 Januari 1907, vifaa vilikuwa vinafungiwa kabatini na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja kabati lilisahaulika wazi. Watoto wakaenda, kila mmoja akachukua alichokitaka, wakaanza kazi. Mwalimu aliona utundu. Montessori aliona kwamba watoto wanajua kuchagua, na tangu hapo kabati refu likaachia nafasi rafu fupi zisizo na milango.

Tuanze na fanicha. Mketishe mtoto kwenye kiti na uangalie miguu. Nyayo zikae zote sakafuni. Zikining'inia, kiti ni kirefu, kikatwe miguu. Meza ziwe nyepesi kiasi kwamba watoto wawili wanaweza kuibeba moja bila msaada. Wala usizijaze chumba kizima: acheni sakafu ya kutosha, kwa sababu kazi nyingi za umri huu hufanyika chini. Kapu hili hapa ni la mikeka midogo, imekunjwa na kusimamishwa. Mtoto akitandika mkeka wake, hilo ni eneo lake, wenzake wanazunguka, hawaukanyagi.

Sasa rafu. Kimo chake kisizidi kifua cha mtoto, na ile nzito ifungwe ukutani kwa skrubu, hilo halina mjadala, maana watoto watajaribu kupanda. Rafu hizohizo zitumieni kutenga kona. Kona ya vitabu naiweka dirishani, mbali na mlango, kwenye mwanga na utulivu. Kazi za maji nazipeleka karibu na bomba, kwenye sakafu isiyoteleza. Vitalu vya kujengea visiwe kwenye njia ya kupita, mtavunja mioyo ya watu. Wewe ukisimama popote uweze kuona kila kona.

Sogeeni karibu, hapa ndipo penye kazi yenyewe. Nachukua trei moja. Ndani yake naweka majagi mawili madogo, sponji na kitambaa. Hiyo ni kazi ya kumimina, na kila kitu kinachohitajika kiko humohumo. Angalieni jagi: mpini unaingia vidole viwili vya mtoto. Ndani nimezungushia mstari wa rangi kuonyesha maji yaishie wapi. Atabeba trei kwa mikono miwili, atamimina kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kinyume chake. Maji yatamwagika, na ndiyo maana sponji iko pale. Mtoto akiona tone mezani anajua mwenyewe kwamba mkono uliyumba, hahitaji kuambiwa amekosea. Na jagi liwe la kioo au la udongo. Najua wengi mnaogopa. Lakini plastiki ikianguka haimfundishi chochote, ilhali chombo kinachoweza kuvunjika hukifanya kiganja kiwe makini. Wekeni ufagio mdogo na kizoleo karibu, na vikivunjika vipande aokote mtu mzima.

Kwenye rafu inayofuata kuna vifaa vya kunoa milango ya fahamu. Huu ni mnara wa waridi: michemraba 10, wa kwanza una upande wa sentimita 1, wa mwisho sentimita 10. Yote ni rangi moja, umbo moja. Kinachotofautiana ni ukubwa tu, kwa hiyo akili haina pengine pa kukimbilia. Mtoto abebe mchemraba mmoja mmoja, kwa sababu anapohisi uzito ukipungua ndipo anapoelewa "kubwa" na "ndogo" kabla hajayajua maneno hayo vizuri.

Herufi za msasa, yaani zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa, na shanga za kuhesabia zifuate baada ya hapo, kwenye rafu zao, kuanzia kazi nyepesi kushoto kwenda ngumu kulia. Mtoto anapapasa herufi kwa vidole viwili huku akitamka sauti yake. Kwa shanga, moja peke yake, kumi kwenye uzi wa waya, mia kwenye mraba, elfu kwenye mchemraba. Mtoto akibeba elfu mkononi, haiwi tena neno tupu. Kama una mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni, ondoa shanga na vitu vyote vidogo kwanza.

Jambo linalowashangaza wengi: kila kifaa kiwe kimoja tu darasani. Sio kwa kubana matumizi. Kikiwa mkononi mwa mwenzake, mtoto anasubiri au anachagua kingine, na hapo anajifunza kuheshimu zamu bila hotuba. Na msijaze rafu siku ya kwanza. Darasa langu la awali nilipanga kila nilichokuwa nacho, na watoto walishika hiki, wakatupa, wakashika kile, asubuhi nzima. Wiki ya kwanza trei sita au saba zinatosha. Ongezeni moja moja baada ya kuionyesha taratibu, na isiyoguswa kwa majuma mawili iondoeni.

Turudi mlangoni, magoti chini tena, tulijaribu darasa. Ndoano, naifikia. Mkeka, naufikia. Trei ya kumimina, iko mbele ya macho yangu. Natembea nayo mpaka mezani, hakuna kinachonizuia njiani. Sponji ya akiba... hapana, nimeiweka juu ya sinki. Ngoja niishushe.