Antivirusi Unayo Tayari, Ila Ni Nani Aliyeizima?

Mwenyekiti wa chama, walimu wetu shikamooni, ndugu wanafunzi habari za jioni. Kiswahili changu ni cha Busia, cha mpakani, kwa hiyo nikiteleza, nyinyi wa Tanga na Mombasa mnivumilie. Na tuelewane mapema: kimoja ni kirusi, vingi ni virusi. Msichanganye na Kirusi, lugha ya Warusi, ingawa huko nako tutapita kidogo.

Mmeniita niseme mwanafunzi achague antivirusi gani. Nina meza yangu ya kutengeneza kompyuta hapo Wandegeya, Kampala, na swali hili huletewa kila muhula unapokaribia kwisha. Huwa silijibu kwanza. Naomba laptopu niione. Naiwasha, naingia ukurasa wa usalama wa Windows, na mara nyingi nakuta antivirusi imo, ya bure, haina kasoro isipokuwa moja: imezimwa. Kirusi hakikuizima. Aliyeizima ni mwenye laptopu mwenyewe, au fundi mwenzangu aliyemwekea Windows ya magendo.

Hiyo antivirusi ni Defender. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 huja ndani ya Windows, hulipii chochote. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa dhaifu kweli, na sifa mbaya iliyopata wakati huo bado inaitembelea. Siku hizi mambo ni tofauti. Ziko maabara zinazopima hizi programu kwa virusi halisi: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama 18: 6 za ulinzi, 6 za kutoilemea mashine, 6 za kutokusumbua kwa kelele za uongo. Defender mara nyingi huzipata zote au hukosa kidogo tu. Kwa hiyo mtu akikuambia hapa Kampala kwamba bila kulipia antivirusi umekwisha, angalia vizuri kama hana boksi la kuuza chini ya meza.

Sasa nirudi kwenye huko kuzimwa, maana hapo ndipo penye mambo.

Dada mmoja wa mwaka wa mwisho alikuwa anaandika tasnifu na alihitaji programu ya takwimu. Leseni yake ni ghali kuliko laptopu yenyewe. Rafiki akampa flashi yenye kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni. Ndani yake kulikuwa na maelezo, na sharti la kwanza lilikuwa hili: zima antivirusi kabla hujaanza. Hebu lifikirieni hilo. Mgeni anabisha hodi usiku wa manane, na kabla hujamfungulia anakuomba umfunge mbwa. Dada yetu akamfunga mbwa.

Asubuhi kila faili ilikuwa imeota mkia wa herufi nne mwishoni mwa jina, na hakuna iliyofunguka. Katika kila folda kulikuwa na barua fupi: lipa dola 980, au ukiwahi ndani ya saa 72, dola 490. Yaani hata wezi wana punguzo la bei. Hao ni virusi vya kudai fidia, jamii inayoitwa STOP au Djvu, wanaozunguka tangu 2018, na njia yao kubwa ni hizi hizi kraki. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure kwa aina za zamani za virusi hivyo, lakini faili zilizofungwa kwa ufunguo uliotoka kwenye seva ya wezi hazifunguki nacho. Zake zilikuwa za aina hiyo.

Kilichomwokoa hakikutoka mezani kwangu. Sura tatu za kwanza alikuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe, zikapatikana huko. Ya nne aliiandika upya kutoka kwenye karatasi alizorudishiwa zimejaa kalamu nyekundu. Alisema hajawahi kuipenda kalamu nyekundu kama wiki ile.

Najua mnachofikiri. Mzee, unasema tusitumie kraki, na pesa tutazitoa wapi? Swali la haki. Kwa takwimu kuna R, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Auckland kule New Zealand, ya bure kabisa. Kama kuandika amri kunakutia homa, JASP ya Chuo Kikuu cha Amsterdam ina menyu za kubofya, na PSPP imetengenezwa makusudi ifanane na SPSS, ile mnayoiiba. Kwa kuandika kuna LibreOffice. Na ulizeni ofisi ya kompyuta ya chuo chenu: Microsoft hutoa Office ya mtandaoni bila malipo kwa wanafunzi ambao chuo chao kimejiandikisha, unaingia kwa barua pepe ya chuo. Wengi wenu mnayo haki hiyo na mnaendelea kutembea na flashi ya kraki.

Flashi. Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo boda boda ya virusi katika mji huu. Unaenda kuchapisha kazi yako, mbele yako wameshapita watu arobaini, kila mmoja amechomeka yake kwenye kompyuta ile ile. Ukirudi hosteli unaifungua, folda zako zimegeuka njia za mkato, kila moja ina kimshale kidogo pembeni. Watu hulia hapo. Tena kuna fundi wa haraka atakuambia aifomati flashi yote. Usikubali! Faili zako hazijaenda popote. Kirusi kimezificha na kuweka vibaraka mahali pake. Kinachotakiwa ni kukisafisha kwanza, halafu kuziondolea zile faili alama ya kufichwa kwa amri moja ya Windows iitwayo attrib. Ni kazi ya dakika chache, na anayekutoza elfu hamsini anakuonea.

Zamani flashi ilikuwa inajiendesha yenyewe ikichomekwa, na hiyo ilikuwa njia mojawapo ya kirusi cha Conficker kusambaa kuanzia 2008. Microsoft wakaibana tabia hiyo. Siku hizi kirusi hukaa kikisubiri ubofye kile kimshale. Kwa hiyo ukichomeka flashi, usibofye kitu. Bofya kitufe cha kulia juu ya jina lake, agiza Defender iikague, kisha uifungue. Au acha flashi nyumbani, jitumie PDF kwa barua pepe na uifungulie kule dukani. Lakini ukimaliza, toka kwenye akaunti yako. Nimekuta barua pepe za wanafunzi ziko wazi kwenye kompyuta za kuchapishia, hadi matokeo ya mtihani, na mwenyewe ameshakwenda zake kula rolex, chapati yetu ya mayai.

Za kulipia je? Zipo nzuri. Bitdefender, ESET na wenzao si matapeli, na ofisi yenye kompyuta thelathini ina sababu ya kulipa. Wewe mwenye moja, sioni. Usiweke mbili kwa pamoja, hata hivyo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, mashine itakuwa nzito na zitaanza kushtakiana. Ukiweka nyingine, Defender hujipumzisha. Laptopu mpya nyingi huja na antivirusi ya majaribio ya miezi michache. Muda ukiisha inabaki kukulilia ulipe. Iondoe kabisa, Defender irudi kazini.

Na za bure muwe waangalifu, maana bure ina bei yake. Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Avast, antivirusi maarufu ya bure, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walizitembelea. Jumpshot ikafungwa. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Mlinzi uliyempa ufunguo wa nyumba alikuwa anasimulia mtaani unakula nini.

Ile safari ya Warusi ndiyo hii: Juni 2024 Marekani ilipiga marufuku Kaspersky, antivirusi ya kampuni ya Moscow, kwa hofu ya serikali ya Moscow, na kampuni ikakana. Katika vipimo vya maabara Kaspersky hufanya vizuri. Huo ni ugomvi wa wakubwa, na kwa mwanafunzi wa Uganda aliye na Defender hauna haja ya kumnyima usingizi.

Kinachonisumbua zaidi ni apdeti. Nyinyi mnazizima kuokoa bando, na mimi nawaelewa, bando si mchezo. Lakini tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha kudai fidia kiitwacho WannaCry kilipozifunga kompyuta dunia nzima, hadi hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa, dawa yake ilikuwa imeshatolewa tangu tarehe 14 Machi. Karibu miezi miwili! Waliopokea apdeti walilala salama. Basi fanyeni hivi: hotspoti ya simu iwekeeni alama kwamba ni mtandao wa kulipia, Windows itajizuia kuvuta mizigo mikubwa. Ukifika kwenye Wi-Fi ya chuo, iache ishushe kila kitu, hata kama ni saa mbili.

Wenye Windows 10, apdeti za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyejiandikisha kwa mwaka wa ziada ana hadi Oktoba 2026. Laptopu zilizotumika zinazoletwa hapa, nyingi hazikubali Windows 11 kwa sababu hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa yake ni ya zamani. Za namna hiyo mimi huziwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, na wenye nazo hurudi kulalamika wiki ya kwanza tu.

Kuna aliyeandika swali kwenye karatasi: je, VPN haitoshi? Ndugu yangu, VPN tuliizoea hapa 2018, kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 kila mtu akapakua yoyote aliyoiona. VPN ni bomba tu la kupitishia mtandao wako kwa njia ya kificho. Haikagui kinachopita ndani yake, na mwenye bomba anaweza kuona unakokwenda. VPN ya bure isiyojulikana ni ya nani, mimi siiweki hata kwenye simu ya jirani nisiyempenda.

La mwisho ni nakala. Jengo Kuu la Makerere liliungua usiku mmoja wa Septemba 2020. Moto hauna antivirusi. Weka tasnifu mahali pawili, pamojawapo pawe nje ya laptopu. Halafu kwenye ukurasa wa usalama wa Windows, sehemu ya virusi vya kudai fidia, kuna swichi inayozuia programu ngeni kugusa folda za nyaraka zako. Kwa kawaida huja imezimwa.

Basi, wenye laptopu zifungueni. Tutaanza na swichi hiyo, kisha tutapakua faili ya majaribio ya EICAR, herufi 68 tu, haidhuru chochote, ila antivirusi iliyo macho lazima iipigie kelele. Atakayeona kimya aje hapa mbele na laptopu yake. Flashi zibaki mifukoni kwanza.