Neno la leo: mellifluous, asali ya sikioni

MWANA: Haya karibuni tena jamani, niko na kaka yangu Zuberi kama kawaida, na leo neno kaleta yeye mwenyewe, amekaa nalo toka yuko sekondari.

ZUBERI: Nimekaa nalo sana dada Mwana. Neno lenyewe ni la Kiingereza, mellifluous. Tamka me-LI-flu-as, mkazo uweke hapo kwenye LI, alafu kwenye kuandika L ni mbili pale mwanzoni, F ni moja tu, wengi wanaweka F mbili.

MWANA: Me-li-flu-as. Linateleza lenyewe.

ZUBERI: Linateleza ee, hakuna mahali ulimi unakwama. Sasa ngoja nikwambie. Mi nimekulia Sikonge, Tabora, babu yangu alikuwa na mizinga ya magome kule porini, msimu wa kurina ukifika wanarudi na ndoo za masega, yanakamuliwa, asali inachujwa kwa kitambaa, na mimi kazi yangu ilikuwa kumimina kwenye chupa. Asali nzito ukiimimina vizuri haidondoki matone, inashuka uzi mmoja mwembamba, haukatiki, ukifika chini unajikunja kunja kama mtu anapanga kamba alafu unazama taratibu, na kelele hakuna, chupa inajaa hujasikia chochote. Hiyo picha ndo neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, mel ni asali, fluere ni kutiririka. Asali inayotiririka, basi.

MWANA: Kumbe hiyo flu ya katikati ndo kutiririka?

ZUBERI: Ndo hiyo hiyo. Na ile flu tunayougua imetoka kwenye influenza, neno la Kiitaliano, mzizi wake huo huo wa kutiririka kuingia ndani. Na molasi ya viwanda vya sukari nayo inatoka kwenye mel.

MWANA: Asali na mafua ukoo mmoja, makubwa. Sasa nikisema chai hii ni mellifluous?

ZUBERI: Hapo ndo nilipoumia mimi. Kidato cha tatu tuliambiwa tuandike insha kuhusu nyumbani, nikaandika the mellifluous honey of Tabora, nilikuwa nimelitoa kwenye kamusi nikalipenda. Mwalimu akalikata na wino mwekundu, akanisomea mbele ya darasa, watu wakacheka, na hakuniambia kosa liko wapi. Iliniuma kwa sababu kile kitu nilikuwa nakijua kwa mikono yangu, we mtoto unajua asali inavyotiririka kuliko darasa zima alafu unaambiwa umekosea na hujui umekosea nini.

MWANA: Pole kaka. Na kosa lilikuwa nini?

ZUBERI: Neno lilishahama. Kwa Kiingereza cha leo limetoka mdomoni limeenda sikioni. Unalitumia kwa sauti ya mtu, kwa muziki, kwa filimbi, kwa lugha au shairi linalosomeka bila kukwaruza. Kwa chakula hapana, chai yako itabaki sweet tu. Lakini sikiliza hii, zamani halikuwa limefungwa hivyo. Mshairi wa Kiingereza John Milton kwenye shairi lake refu la 1667 ana malaika anasimulia asubuhi za mbinguni, wanavyopangusa umande kwenye matawi, na umande ule ameuita mellifluous. Umande kabisa, kitu cha kuonja. Niliposoma pale nilifunga kitabu nikakaa kimya.

MWANA: Kwa hiyo ulikuwa na haki yako.

ZUBERI: Ya karne nyingine, lakini nilikuwa nayo! Na hiyo maana ya sikio nayo sio ya juzi. Shakespeare mwenyewe alisifiwa nalo mwaka 1598, mwandishi mmoja Francis Meres alimwita mellifluous na mwenye ulimi wa asali. Alafu kwenye tamthilia ya vichekesho iliyochezwa London Februari 1602 kuna bwana mmoja, Sir Andrew, anasikia mtu ameimba, anasema a mellifluous voice. Miaka mia nne imepita na bado voice ndo mwenzake wa karibu, ukiyaweka hayo mawili pamoja hukosei.

MWANA: Sasa mi nataka tulijaribu kwa watu tunaowajua. Bi Kidude?

ZUBERI: Hapana.

MWANA: Mbona haraka hivyo! Yule ni malkia.

ZUBERI: Ni malkia, nakubali kabisa, lakini sauti yake ilikuwa na moshi, ilikuwa inakwaruza, inakushika kifuani, na uzuri wake uko hapo hapo kwenye kukwaruza. Ukimwita mellifluous umemsifia kitu ambacho hakuwa nacho na umeacha alichokuwa nacho. Ila Marijani Rajabu, huyo ndiyo, anaingia kwenye mstari na kutoka hujui kavuta pumzi saa ngapi. Au nai, ile filimbi, kwenye taarab ya Unguja.

MWANA: Nimekupata. Kwa hiyo utamu peke yake hautoshi, lazima na mtiririko uwepo. Maana mi nilikuwa nataka kulitafsiri sauti tamu nikamaliza.

ZUBERI: Sauti tamu inapunguza. Kuna mtu ana sauti tamu lakini anaongea kwa kukatakata.

MWANA: Na maneno ya kumtoa nyoka pangoni?

ZUBERI: Hayo yana nia ndani yake dada, anayemtoa nyoka pangoni ana shida na huyo nyoka. Mellifluous haina shida na mtu. Mi nasema sauti inayoteleza kama asali, ni ndefu lakini ndo iliyo karibu.

MWANA: Mi ningesema inayotiririka, kuteleza naona kama mtu ataanguka.

ZUBERI: Haya inayotiririka, nakupa. Alafu wasikilizaji, ni neno la fasihi hili, kwenye riwaya, kwenye kumwelezea mwimbaji, sawa. Kwenye barua ya kuomba kazi usiandike una mellifluous English, litakaa vibaya, andika fluent, ambayo nayo ni ndugu yake wa fluere.

MWANA: Ngoja nijaribu moja kabla hatujaaga. Bibi yangu Tanga alikuwa anasoma kasida alfajiri akiwa anapepeta mchele, sauti ya chini tu, huwezi jua mstari umeisha wapi na ungo umeanzia wapi, sisi tumelala chumba cha pili. We woke to her mellifluous voice.

ZUBERI: Hiyo hapo. Usibadilishe kitu.