Nusu Nyingine ya Kuonana: maneno niliyoongea Busia juu ya kolabo za wakongwe wa hip hop

Haya jamani asanteni kwa kuja, wazee shikamooni, na nyinyi vijana mmesimama pale mlangoni ingieni tu, viti bado viko huku mbele. Nimeombwa niongee juu ya kitu kinachotusumbua watu wa hip hop kila wakongwe wawili wakitangaza kwamba sasa albamu yao ya pamoja, yaani kolabo, imeiva, ile albamu tumeingoja mpaka mvi zikatoka, halafu inatoka usiku wa Ijumaa na kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi nusu yao wameshasema imewaangusha. Kwa nini inakuwa hivyo kila mara? Na je, ni kweli tumeangushwa?

Nianzie hapa hapa kwetu Busia, upande wa Uganda. Mnajua neno boda boda limezaliwa huku mpakani, zilikuwa baiskeli zinabeba watu na mizigo kutoka boda ya huku mpaka boda ya kule, sasa kaseti nazo zilipita hivyo hivyo. Upande wa Kenya kulikuwa na kaka mmoja ana kibanda cha kurekodia, unampelekea kaseti tupu ya dakika 90 na karatasi umeandika nyimbo unazotaka, unalipa, unarudi Jumamosi. Mimi karatasi yangu naikumbuka mpaka leo, ilikuwa ya daftari ya hesabu yenye vile viboksi, nikaandika N.Y. State of Mind, Memory Lane, Represent, yaani zile nyimbo 3 prodyuza DJ Premier alimtengenezea biti rapa Nas kwenye albamu yake Illmatic ya 1994, upande A. Halafu upande B nikaandika zile zile 3 tena. Yule kaka akaangalia karatasi akaniuliza, dogo, hizi ni zile zile, unajua? Nikamwambia najua, mimi nataka kaseti nzima ya hawa watu wawili na haiko, basi wewe nijazie.

Sasa fikirieni. Mwaka 2006 Nas na Premier wakaanza kusema wazi kwamba watafanya albamu nzima pamoja. 2007 kimya, 2010 kimya, watu wakaoa, wakazaa, Nas katikati hapo akaenda akafanya albamu 6 na prodyuza mwingine, Hit-Boy, kati ya 2020 na 2023, na bado kila akihojiwa swali ni lile lile, ya Premier iko wapi? Hatimaye ikatoka tarehe 12 Desemba 2025, inaitwa Light-Years. Kutoka 2006 ni miaka 19, mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ahadi ameshamaliza S.6, kidato cha sita. Siku ile umeme ulikuwa umekwenda mtaani kwetu, nikakaa nje kwenye jerikeni, simu asilimia 30, nikaweka. Na nitawaambia ukweli, mara ya kwanza sikuisikia. Masikio yalikuwa yanaitafuta ile kaseti, yanamtafuta kijana wa miaka 20 aliyerekodi Illmatic, na aliyekuwa anaongea na mimi pale ni mwanaume wa miaka 52. Nilikasirika kabisa. Nikazima. Kesho yake nikairudia nikiwa nafanya kazi zangu, na hapo ndio nikaanza kusikia mtu mzima anaongea na rafiki yake wa miaka mingi, anamwachia nafasi, biti inangoja mstari uishe ndio iingie.

Hapo ndio nikaelewa kitu ambacho ndicho kimenileta mbele yenu leo. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Mimi naona kolabo nyingi za siku hizi ni barua. Huyu anarekodi vesi yake Atlanta, anaituma, mwenzake anaipokea London anaweka yake juu, prodyuza yuko kwingine kabisa anaunganisha, mnaona majina mawili kwenye kava mnafurahi, lakini hao watu hawajaonana. Ni nusu. Na shabiki aliyengoja miaka 15 au 20 hakungoja barua, alingoja ile nusu nyingine. Hata kama hajui kulisema hivyo, sikio lake linajua, ndio maana anasema tu "haijanigusa" na anashindwa kueleza kwa nini.

Wimbo ambao mimi hutumia kumweleza mtu hii maneno ni As We Enter ya Nas na Damian Marley, ule wa kwanza kabisa kwenye albamu yao Distant Relatives ya 2010. Biti yake imetoka kwa muziki wa Mulatu Astatke, mwanamuziki wa Ethiopia. Na mle ndani hakuna mtu anapewa vesi yake akae nayo kama amekodi chumba, wanarushiana, mstari wangu mstari wako, nusu mstari wangu unaumalizia wewe, mpaka inafika mahali mmoja anauliza habari gani na mwingine anajibu nzuri sana. Kwa Kiswahili! Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa ndani ya matatu naenda Tororo, nikamshika jirani yangu mkono na simjui, nikamwambia umesikia? Nas, kijana wa mtaa wa Queensbridge kule New York, na Damian, mtoto wa Bob Marley, wanasalimiana kama sisi hapa sokoni. Sasa hiyo salamu haiwezekani kwa barua. Ukiuliza habari gani halafu jibu lije baada ya wiki 2, hiyo si salamu tena. Mtu lazima awe amesimama pale, anakuangalia mdomo.

Q-Tip wa kundi la A Tribe Called Quest alilijua hili. Wale walikuwa hawajatoa albamu tangu 1998, na kugombana waligombana kweli kweli, dunia nzima ilijua. Walipoanza kutengeneza ile ya mwisho iliyotoka Novemba 2016 Q-Tip akashikilia kwamba kila anayetaka kuwa ndani aje nyumbani kwake New Jersey arekodi pale pale, habari ya kutuma vesi hapana. Mwenzake wa kundi, Phife Dawg, alikuwa mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, anaishi California, yaani upande mwingine kabisa wa Marekani, na alikuwa anapanda ndege anakuja. Akafariki Machi 2016 kazi haijaisha, ana miaka 45. Sikilizeni ile albamu vile Phife na Q-Tip wanapokezana, wanakatizana kama watoto wa nyumba moja wanaosimulia kisa kimoja kwa mama yao. Mtu mgonjwa alisafiri bara zima ili akatizwe na rafiki yake. Mimi nikifika hapo siwezi kusema tena juu ya biti ni kali au si kali.

Halafu kuna kundi la Clipse, hao ni ndugu wa tumbo moja, Pusha T na Malice. Kutoka Desemba 2009 mpaka Julai 2025 hakuna albamu yao. Wamerudi, na wimbo wa kwanza kabisa wanazika wazazi, Pusha T anamlilia mama, Malice anamlilia baba. Wamegawana msiba. Sisi wenye wazee tunajua, mkifiwa ndugu wawili mnagawana hivyo, wewe shughulikia hili mimi nishughulikie lile. Wangekuwa wamejaribu kurudi vile walivyokuwa 2002 tungewasikiliza wiki moja tu.

Ya prodyuza Dr. Dre nitaipitia haraka. Albamu yake Detox tuliahidiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, haikutoka, 2015 tukapewa Compton badala yake, watu wengine mpaka leo hawajamsamehe. Na Desemba 2024 yeye na Snoop Dogg wakatoa Missionary, miaka 31 baada ya Doggystyle, ile albamu ya Snoop ya 1993 aliyotengeneza Dre. Hapo mimi huuliza swali la boda ya baiskeli: nani anakanyaga pedali na nani amebebwa? Kwenye Doggystyle nasikia wote wanakanyaga. Kwenye ile mpya kuna mahali nasikia mmoja amebebwa, hayo ni maoni yangu, aliye na masikio tofauti tutaongea baadaye, lakini hilo swali la pedali mimi naliona la haki kuliko kuuliza kama imefika kiwango cha 1993. Kiwango cha 1993 kilikuwa na sisi ndani yake. Mwaka ule hata redio za watu binafsi ndio zilikuwa zinaanza Uganda, Sanyu FM imeanza mwishoni mwa 1993, kabla ya hapo unasikiliza Radio Uganda. Kitu chochote kilichoingia masikioni wakati ule kiliingia kwenye nyumba tupu, kikachagua chumba. Leo nyumba imejaa, una kodi ya nyumba, una ada ya shule, una mgonjwa hospitali ya Mulago, albamu inakuja inabisha hodi na hata hujasikia.

Sasa turudi nyumbani manake najua mnangoja niseme ya kwetu. Sisi Uganda tuna shida moja ambayo Wamarekani hawana, shida ya lugha. Kundi la Klear Kut, akina Navio na The Mith, walikuja na rap ya Kiingereza. Kundi la Bataka Squad na rapa wao Babaluku wakasema hapana, tutarap kwa Luganda, ndio tukapata neno Lugaflow. Baadaye rapa GNL Zamba naye akaja na Koyi Koyi, jina lenyewe ni vile Waganda wanafungua kitendawili, mmoja anasema koyi koyi mwingine anaitikia. Mnaona? Salamu na jibu tena! Kwa hiyo shabiki wa hapa akisema anataka fulani na fulani wafanye kolabo, anauliza kitu kizito zaidi ya muziki: watakutania kwenye lugha gani? Nani atahama? Na sisi wa Busia, wa Arua, wa Bombo, wenzetu Wakongo kule Nakivale kwenye makazi ya wakimbizi, tunaishi na Kiswahili kila siku, tunanunua nacho nyanya, tunagombana nacho, na kwenye hizo ndoto za kolabo hakuna anayetuuliza. Katiba tangu 2005 inakitaja Kiswahili kama lugha rasmi ya pili, lakini kwenye biti bado kinakaa kwenye benchi, unakuta neno moja moja la kuonja. Mimi hilo linaniuma, nalisema wazi.

Na kuna siku moja nililipa kiingilio, waandaaji siwataji na wasanii siwataji, tangazo lilisema wakongwe wawili, jukwaa moja, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nimetoka hapa saa sita mchana nikafika Kampala jioni. Wa kwanza akapanda, akaimba zake, akashuka, akaingia kwenye gari. Gari likawa limewasha taa, halijaondoka. Wa pili akatoka kwenye gari lake, akapanda, akaimba zake. Jukwaani kulikuwa na maiki 2 kwenye vile vyuma vyake, na ya kushoto usiku mzima haikuguswa. Mama mmoja karibu na mimi alikuwa amebeba mtoto mgongoni, mtoto amelala, akaniambia mimi sikutaka nyimbo mpya banange, nilitaka tu wasimame pale wote wawili. Mimi nayaamini yale maneno ya yule mama kuliko uchambuzi wowote wa albamu niliowahi kuusoma.

Kwa hiyo nikisikia kijana anasema mashabiki tuna matarajio makubwa mno, mimi nasema labda tumeyaweka pasipo, tunadai biti za zamani na sauti za zamani, vitu ambavyo hakuna binadamu anaweza kurudisha, halafu kile ambacho tuna haki ya kukidai, wakae chumba kimoja, hicho hatukidai.

Maswali nitachukua, lakini kwanza, kaka wa muziki, niwekee ile As We Enter kutoka mwanzo, na uongeze sauti kidogo. Nyinyi wa nyuma nyamazeni, na wakifika pale kwa habari gani, msimwachie anayejibu ajibu peke yake.