Tano Tisa Baada ya Kurudia Mara Nne

TUMAINI: Karibuni tena. Leo dada Salma kaandaa mafunzo matatu kwa wanaotaka kuanza redio ya ridhaa, ile ya kuwasiliana hewani kwa mapenzi tu, kwenye mawimbi mafupi: kukata waya wa antena, kuchagua bendi, yaani fungu la masafa, kulingana na saa, na maneno ya kusema ukishafika hewani. Lakini kabla ya hayo nina langu.

SALMA: Lako nalijua, ulinipigia simu usiku wa manane. Wape na wao.

TUMAINI: Jumanne nimejibiwa! Bendi ya mita 20, juu kidogo ya megahezi 14.2. Mzee mmoja aliye zaidi ya kilomita 5,000 kutoka nilipo alikuwa anaita CQ, yaani anamwita yeyote anayemsikia, nikasubiri amalize, nikataja kolsaini yangu, jina langu la hewani, akanijibu. Wati 100, kipande cha waya, na sauti yangu ikafika.

SALMA: Hongera, mdogo wangu. Nilifurahi mpaka usingizi ukakata.

TUMAINI: Na wasikilizaji wanajua nilikotoka. Mtihani nilishinda, leseni ikaja, kolsaini ninayo. Halafu wiki tatu nzima nimekaa mbele ya redio, maiki mkononi, sibonyezi. Mliniandikia mkanitia moyo, mkasema ni woga, utaisha. Woga ulikuwepo, sikatai. Ila kulikuwa na kitu kingine: nilikuwa sisikii watu. Nasikia kunguruma tu.

SALMA: Hilo ndilo linaloua wanaoanza, na hawalijui. Mtu anafunga waya, anawasha redio, anakutana na ngurumo, anasema bendi imekufa. Au anasema antena yangu mbovu. Mwezi wa pili redio iko kabatini.

TUMAINI: Mimi nilikuwa nishaanza kutafuta amplifaya, tena ya wati 400.

SALMA: Ambayo ingekupa nini? Kutoka wati 100 hadi 400 ni desibeli 6, yaani S moja, hatua moja tu kwenye kipimo cha nguvu ya mawimbi cha yule anayekusikiliza. S moja! Na kwenye masikio yako isingekuongezea chochote, kwa sababu amplifaya inasaidia kurusha, haisaidii kupokea. Ungekuwa unapiga kelele kwa nguvu zaidi na huwasikii wanaokujibu.

TUMAINI: Ndipo ukaniambia: Jumapili usiguse maiki, saka kelele.

SALMA: Tulisema tuanze na waya, lakini eleza kwanza ulivyofanya. Dakika mbili.

TUMAINI: Kwanza nilichomoa redio kwenye umeme wa ukutani, nikaiunga kwenye betri ya volti 12. Kupokea hakuli umeme mwingi, ampea 1 au 2, kwa hiyo betri inatosha. Nikaweka redio pale nilipokuwa nasikia kunguruma. Mshale unasoma S7. Nikaenda kwenye swichi kuu, nikazima nyumba nzima.

SALMA: Ukasikia nini?

TUMAINI: Dada, nilisimama gizani nikasikia watu wanaongea. Walikuwepo siku zote. Wiki tatu walikuwa pale chini ya ngurumo! Mshale ukashuka hadi S4.

SALMA: Niseme kwa nini, maana si uchawi. Chaja na adapta za siku hizi zinakata umeme vipande vipande, mara makumi ya maelfu kwa sekunde, ndiyo maana ni ndogo na nyepesi. Ule ukataji unazaa mawimbi yanayojirudia kwa vizidisho, juu na juu, mpaka yanaingia kwenye bendi zetu. Kifaa kilichotengenezwa vizuri kina vichujio vya kuyazuia. Kilichotengenezwa kwa kubana gharama, vichujio ndiyo vitu vya kwanza kuondolewa, na waya wa umeme unaotoka pale unageuka antena ya kurusha takataka. Ukizungusha masafa utaona kilima cha kelele, kisha ukimya, kisha kilima tena, kwa hatua zinazofanana. Ukiona vilima vya namna hiyo, usilaumu anga.

TUMAINI: Vyangu vilikuwa hivyo hivyo. Basi nikawasha swichi ndogo moja moja. Jikoni, kimya. Vyumbani, kimya. Sebuleni, ngurumo ikarudi. Nikachomoa vitu vya sebuleni kimoja kimoja huku mtu mwingine ananisomea mshale. Wakosaji wawili: adapta ya taa ya mezani na adapta ya ruta ya intaneti. Ya taa nimeitupa. Ya ruta siwezi kuishi bila hiyo.

SALMA: Pete ya feriti.

TUMAINI: Pete ya feriti, ile ya kuzuia kelele, waya umezungushwa ndani yake mara 8, karibu na adapta yenyewe.

SALMA: Na msione uvivu wa kuzungusha. Kupitisha waya mara moja tu hakusaidii sana. Mizunguko ikiwa maradufu, kizuizi kinakaribia kuwa mara nne. Tafuteni feriti inayofaa mawimbi mafupi, ile inayoitwa aina ya 31. Nyingine zimetengenezwa kwa masafa ya juu zaidi, huku chini hazishiki vizuri.

TUMAINI: Sasa ikabaki ile S4.

SALMA: Tumaini, dakika mbili zimekuwa kumi.

TUMAINI: Ngoja kidogo, hapa ndipo penye utamu. Nyumba yangu ikiwa giza kabisa bado nina S4. Kwa hiyo inatoka nje. Nikakumbuka kile kiredio cha mkononi ulichonifundisha.

SALMA: Hilo lazima nilieleze. Haya, mafunzo yangu yatasubiri. Chukua redio ndogo ya betri yenye AM, weka mahali pasipo na kituo, ongeza sauti. Ndani yake kuna kijiti cha feriti ambacho ndicho antena ya AM. Kijiti kile husikia vizuri kwa ubavu, na husikia vibaya kwa ncha. Kwa hiyo usitafute mahali kelele inapozidi, sikio hudanganyika hapo. Izungushe mpaka kelele ipotee ghafla. Inapopotea, ncha ya kijiti imeelekea kwenye chanzo, mbele yako au nyuma yako. Sogea hatua kadhaa, rudia. Mistari miwili ikikutana, umefika.

TUMAINI: Ilikutana kwenye ukuta wa jirani.

SALMA: Na hapo wengi hukosea, huenda kwa jirani na malalamiko.

TUMAINI: Mimi nilibisha hodi nikiwa na kiredio mkononi. Nikamsalimia yule mama, shikamoo, nikamwomba asikilize mwenyewe. Nikamweleza kwamba nina leseni, ninajifunza, na kuna kitu kinanizibia masikio. Yeye ndiye aliyechukua redio akaanza kuzunguka nayo! Ilikuwa chaja iliyosahaulika ukutani nyuma ya kochi, haichaji kitu chochote. Akaichomoa. Nikampa nyingine ambayo nilishaijaribu haina kelele, akakataa, nikamsihi, akapokea.

SALMA: Na mshale?

TUMAINI: S2.

SALMA: Hebu tupige hesabu, kila mtu aione. Kutoka S7 hadi S2 ni S tano. Kila S ni desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Zidisha nne kwa nne mpaka nne ziwe tano, inazidi 1,000. Kelele nyumbani kwako imepungua zaidi ya mara elfu. Mishale ya redio nyingi haipimi kwa usahihi huo, hasa huku chini kwenye S2 na S3, kwa hiyo sitaapa kwa namba yenyewe. Lakini hata ukikata nusu ya desibeli zile, hakuna amplifaya ya kukupa hicho.

TUMAINI: Jumanne ndiyo nikamsikia yule mzee. Alikuwa S4. Wiki iliyotangulia angekuwa amezikwa.

SALMA: Sasa turudi kwenye waya.

TUMAINI: Waya upo tayari: gawanya 143 kwa megahezi, unapata mita. Kwa 14.2 ni kama mita 10 na sentimita 7, unakata katikati, kila upande mita 5 na kidogo. Anza na waya mrefu zaidi, upunguze polepole huku unapima SWR, kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio, maana waya uliokatwa haurudi. Lakini kabla hatujaingia huko, sijamaliza habari ya mzee. Kaniambia niko tano tisa, ripoti ya juu kabisa ya namna ninavyosikika!

SALMA: Nilijua utafika hapa.

TUMAINI: Tano tisa, dada. Mawasiliano ya kwanza.

SALMA: Alikuomba urudie kolsaini mara ngapi?

TUMAINI: Mara nne.

SALMA: Basi hiyo si tano tisa. Namba ya kwanza ni ueleweko, inaishia 5. Tano maana yake nimekuelewa bila shida yoyote. Mtu aliyeomba urudie mara nne alikuelewa kwa taabu, hiyo ni tatu. Namba ya pili ni nguvu ya mawimbi, inaishia 9. Kama ungekuwa tisa kwake asingekuwa anakutafuta.

TUMAINI: Ni adabu ya hewani. Kwenye mashindano kila mtu anatoa tano tisa, hata aliyesikika kwa mbali.

SALMA: Mashindano ni mbio, pale namba ni desturi tu na kila mtu anajua. Yule mzee hakuwa kwenye mashindano. Alikuwa na mgeni siku ya kwanza, na kitu pekee ambacho mgeni hawezi kujipimia mwenyewe ni namna anavyosikika huko aliko yule mwingine. Ndiyo maana ripoti ipo. Amekunyima.

TUMAINI: Hakuninyima, alinipa moyo. Angesema tatu tatu usiku ule, baada ya wiki tatu za ngurumo, ningezima redio nikalala. Wewe umekuwa hewani miaka mingi, umesahau usiku wa kwanza ulivyo.

SALMA: Sijausahau hata kidogo. Mimi nilianza kwa Morse, ile ya milio mifupi na mirefu, ripoti yangu ya kwanza ilikuwa tatu tatu tisa. Ile tisa ya mwisho ni usafi wa mlio, kwa Morse tu. Maana yake: unasikika hafifu, kwa shida, lakini mlio wako ni safi. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Ndiyo iliyonipandisha kwenye paa kuuinua waya. Ningepewa tano tisa tisa, waya ungebaki pale pale chini.

TUMAINI: Lakini unajuaje kwamba tatizo lilikuwa langu? Labda yeye ndiye aliyekuwa na chaja nyuma ya kochi. Mawimbi yangu yamefika kwa nguvu, kelele iko kwake. Aniambie tatu kwa kosa la nyumba yake?

SALMA: Akuambie alichosikia. Ripoti haimtafuti mkosaji. Inasema: huku nilipo, sasa hivi, nakusikia hivi. Kama kelele ni yake, aseme “tatu tatu, nina kelele hapa”. Sekunde mbili.

TUMAINI: Na mimi nasema lengo la kubonyeza maiki ni watu wawili wakutane. Kolsaini yangu aliipata sawasawa, yake niliipata, jina alilipata. Namba ni salamu. Ukimuuliza mtu habari za asubuhi anakujibu nzuri, hutoi kipimajoto.

SALMA: Salamu tunazo. Ndiyo maana tunaagana kwa sabini na tatu, yaani salamu njema. Ripoti si salamu, Tumaini, ni kipimo. Ukikifanya salamu umebaki na salamu mbili na kipimo hakuna.

TUMAINI: Sikubali.

SALMA: Na mimi sikubali.

TUMAINI: Wasikilizaji watatuamua.

SALMA: Wasituamue. Waende wakasikilize bendi saa nzima, wahesabu tano tisa wanazozisikia na wangapi wameombwa kurudia.

TUMAINI: Haya. Tuna dakika ngapi?

SALMA: Nne. Mafunzo matatu hayaingii kwenye dakika nne. Habari ya kwa nini mita 40 inakwenda mbali usiku na mita 20 mchana tutaiacha, siwezi kulieleza tabaka la D la anga ya juu kwa kukimbia. Ila nawaomba kitu kimoja wasio na redio kabisa: msisubiri. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina redio ya mawimbi mafupi iliyo wazi mtandaoni. Unaifungua kwenye simu, unachagua namna ya kupokea sauti, LSB chini ya megahezi 10 na USB juu yake, unasikiliza watu wanavyoitana. Na anayeogopa Morse, sharti hilo liliondolewa kwenye kanuni za kimataifa mwaka 2003. Mtihani wa nchi nyingi sasa ni umeme, usalama na kanuni.

TUMAINI: Na mimi lazima niondoke. Nina miadi na yule mzee, saa 17:00 UTC, saa ya kimataifa, masafa yale yale.

SALMA: Muulize ripoti ya kweli.

TUMAINI: Simuulizi. Akinipa tano tisa nitapokea na kushukuru.

SALMA: Sawa. Mimi nitafungua redio ya mtandaoni iliyo karibu na kwake, nikusikilize kutoka huko. Nitakuandikia nilichosikia.

TUMAINI: Hata kama ni tatu tatu?

SALMA: Nilichosikia. Nenda, zimebaki dakika sita kabla ya miadi yako, na taa ya sebuleni uiache imezimwa.