Mafua na Mfuko wa Mwenye Sukari

Mhadhara kwa wagonjwa wa kliniki ya sukari na presha, Busia, Uganda

Wazee wangu, mama zangu, na vijana mliowasindikiza, hamjambo? Poleni na safari, hasa mliovuka mpaka asubuhi hii.

Najua mlitarajia tuongelee chumvi na posho, yaani ugali. Leo hapana, leo ni mafua. Si yale ya kamasi siku mbili, nasema influenza, ile inayokulaza na homa, viungo vyote vinauma. Mwenye afya huugua wiki moja akapona. Ninyi ni habari nyingine.

Mwili ukipambana na virusi hivi hutoa homoni zinazopandisha sukari. Dawa ni ileile, chakula kilekile, lakini kipimo kinapaa. Moyo nao haubaki salama: mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa yanaweza kupasuka, damu ikaganda hapohapo. Mwaka 2018 watafiti wa Ontario, Kanada, walionyesha kwamba katika siku 7 baada ya mtu kupimwa na kukutwa na influenza, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda karibu mara 6. Kisha kwenye cheti cha kifo panaandikwa moyo. Mafua hayatajwi.

Chanjo inasaidia? Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2021 ulichukua wagonjwa 2,571 katika nchi 8, karibu wote wametoka kupata mshtuko wa moyo. Nusu walichomwa chanjo, nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa, ili walinganishwe. Baada ya miezi 12, katika kila 1,000 wasiochanjwa walikufa kama 49, waliochanjwa, 29. Kwa sindano moja tu!

Sitawadanganya, chanjo haizuii kila kitu. Ikioana vizuri na virusi vya mwaka huo, hupunguza kwa asilimia 40 hadi 60 uwezekano wa kufikishwa kwa daktari na influenza. Na virusi hubadilika, ndiyo maana huchomwa kila mwaka.

Sasa pesa. Mtaniambia hospitali ya serikali ni bure tangu 2001. Haya, toeni daftari la kliniki, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Andikeni: bodaboda ya usiku. Dripu mliyotumwa kununua nje. Chakula cha mgonjwa, na cha anayemuuguza. Siku ambazo kibanda kimefungwa. Binti anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mama yake hauzi nyanya. Jumlisheni, halafu ulizeni bei ya sindano moja kwenye kliniki binafsi. Kwa mwenye sukari, presha, pumu au seli mundu, mimi sioni la kubishania. Kijana wa miaka 25 asiye na ugonjwa wowote nisingemsukuma.

Linaloniudhi ni kwamba chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya serikali, kwa hiyo anayeihitaji zaidi ndiye anayejilipia. Ningekuwa na sauti, ningesema waanze na kliniki kama hii. Wagonjwa wanajulikana, siku zao zinajulikana, na friji za chanjo za watoto zipo. Nyuzi joto ni zilezile, 2 hadi 8.

Ukienda kununua, usione haya kuuliza: imehifadhiwa wapi, inaisha lini, umeme ukikatika mnafanyaje? Akianza kubabaika, ondoka. Sindano hii virusi vyake vimeuawa, haiwezi kukupa mafua. Mkono utauma, pengine homa kidogo ya siku moja au mbili. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Mwenye homa kali asubiri ipoe, na aliyewahi kudhurika vibaya na chanjo hii aseme mapema. Metformin, ile dawa ya sukari, na dawa za presha, endeleeni kumeza kama kawaida.

Kuna mama ameniletea kikaratasi: anayetumia ARV anaruhusiwa? Ndiyo, mama, tena yumo katika wanaoihitaji zaidi. Nani mwingine ana swali?