Daftari la Dalali: Kuzuia Utumwa wa Kisasa Katika Kazi za Bustani

Ndugu washiriki, habari za asubuhi. Tuliokutana hapa Arusha leo ni watu wa kazi moja: wenye kampuni za bustani, wenye vitalu vya miche, na mameneja wa hoteli wanaotupa tenda. Sheria tutazigusa, ila tuanze na daftari.

Tuchukue kijana aliyetolewa Singida na dalali wa vibarua, kaja kupanda nyasi kwenye uwanja wa hoteli. Kaahidiwa shilingi 8,000 kwa siku. Siku 26 ni 208,000. Sasa fungueni daftari la dalali. Cha juu chake ni 2,000 kila siku, jumla 52,000. Chakula 3,000 kwa siku 30, ni 90,000. Kitanda kwenye chumba cha watu sita, 20,000. Buti 25,000, fyekeo 12,000. Nauli ya kuja, 45,000. Jumla ya makato ni 244,000. Kijana amefanya kazi mwezi mzima na anadaiwa 36,000. Akitaka kuondoka anaambiwa alipe kwanza, na kitambulisho chake cha NIDA kimekaa mfukoni mwa dalali "kwa usalama".

Huyo hajafungwa wala hajapigwa. Lakini deni lisilolipika, kitambulisho kilichozuiwa na ujira ulioshikwa ni dalili tatu kati ya 11 ambazo Shirika la Kazi Duniani linazitumia kutambua kazi ya shuruti. Shirika hilo na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa kwenye kazi ya shuruti. Kwetu, kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaikataza, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamfikia anayemtoa mtu kwao kwa udanganyifu ili akamtumikishe. Kusema "alikuja mwenyewe kwa hiari" hakusaidii kama hiari hiyo ilipatikana kwa uongo.

Dalili hizi huanzia mezani kwenu, siku mnapokubali bei. Chukueni uwanja wa mita za mraba 1,000: kulima, kusawazisha, kuchanganya samadi na kupachika nyasi. Mkikadiria kwamba mtu mmoja anamaliza mita 20 kwa siku, hizo ni siku-kazi 50. Kwa ujira wa 10,000, nguvu kazi peke yake ni 500,000. Halafu anakuja msimamizi wa vibarua na bei ya 300,000, mnafurahi mmeokoa 200,000. Hesabu inasema analipa 6,000 kwa siku kabla hajajiwekea faida yake, na faida lazima aitoe mahali. Kwa hiyo kabla ya kusaini, gawanyeni bei yake kwa siku-kazi. Ikishuka chini ya kiwango mlichokubaliana, au chini ya kima cha chini cha sekta, msiichukue. Mimi naiamini hesabu hii kuliko fomu ya kurasa kumi.

Dawa ya daftari ni kulipa moja kwa moja. Pesa iende kwenye simu ya kibarua, laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Angalieni namba: majina manane yakilipwa kwenye namba moja, hiyo ni namba ya dalali. Ada ya dalali mlipe ninyi, kwa risiti, mara moja. Nauli ya kumleta mtu ni gharama ya kazi, kama mafuta ya lori. Buti na glavu ni vifaa vya kujikinga, hutolewa na mwajiri. Mtu akiharibu mashine ya kukatia nyasi kwa uzembe, sheria inataka apewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kitambulisho piga picha, mrudishie palepale.

Yuko mtu mwingine tunayemsahau, yule anayelala stoo. Kiangazi kikikolea bustani inamwagiliwa alfajiri na jioni, na kwa kuwa analala hapohapo anavuta mpira wa maji saa kumi na moja alfajiri, anafyeka mchana, anamwagilia tena jioni, usiku analinda. Kwenye mahudhurio anaandikiwa siku moja. Sheria inasema saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku; zaidi ya hapo ni muda wa ziada, unaolipwa mara moja na nusu, usiozidi saa 50 katika wiki nne. Andikeni saa, acheni kuandika "yupo".

Tuje kwa wanaotuuzia. Kwenye kitalu, kazi ya kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, hulipwa kwa idadi. Bei ya viriba mia ikiwa ndogo, mama hafikii hela ya siku bila kuwaleta watoto, na kila kiriba cha ziada ni mkono wa mtoto. Kwenye kokoto za kupasuliwa kwa nyundo ni vilevile: malipo ni kwa debe. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na kati ya 14 na 17 ni kazi nyepesi tu. Kupasua mawe haimo. Kwa hiyo nendeni kwa muuzaji Jumatano asubuhi wakati shule zimefunguliwa, bila kupiga simu. Tazameni nyundo ndogo, ndala ndogo, na sufuria ngapi ziko mekoni. Ulizeni bei ya debe kwa anayepasua, kisha linganisheni na bei ya lori mnayolipa. Wakati mwingine kuongeza kidogo kwenye debe kunamwondoa mtoto haraka kuliko tangazo la kukataza.

Vya nje navyo vina yake. Mwaka 2020 na 2021 Marekani ilizuia glavu za mpira kutoka baadhi ya viwanda vya Malaysia kwa sababu ya dalili za kazi ya shuruti, zikiwemo madeni ya kuajiriwa na pasipoti kushikwa. Daftari lilelile, limesafiri tu. Duka dogo la mjini haliwezi kukagua kiwanda, lakini linaweza kutaja mtengenezaji. Bidhaa isiyo na jina lolote iacheni. Na mkipewa maswali marefu na lodge yenye wenyewe Uingereza, msishangae: sheria yao ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 na zaidi kutoa taarifa kila mwaka kuhusu hatua zao za kuzuia utumwa wa kisasa, na ninyi mmo kwenye mnyororo wa wanaowauzia.

Mahojiano na vibarua yafanyeni mbali na fomeni, mmoja mmoja, kwa lugha anayoimudu. "Unanyanyaswa?" atajibu hapana. Muulizeni: jana ulipokea shilingi ngapi mkononi? Unadaiwa na nani? Ukitaka kwenda kwenu kesho, utafanyaje?

Mkikuta tatizo, msimfukuze dalali palepale na vibarua wakabaki barabarani. Kwanza rudisheni vitambulisho. Lipeni ujira uliobaki kwa mhusika mwenyewe, na deni la daftari mlifute kwa maandishi. Kama kuna mtoto, pigeni 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Kama mtu amezuiwa au ametishwa, polisi, na muulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Mgogoro wa ujira uende kwa afisa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako madai yasiyohusu kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 60. Anayetaka kurudi Singida akatiwe tiketi kwa jina lake, na pesa ya kula njiani apewe yeye mkononi, dalali asiwepo.